Shahidi wa Radhi

Watoto wangu wananicheka. Kila Ijumaa nikirudi msikitini, kabla sijavua hata kanzu, nawapanga sebuleni watatu wote na kuwaambia: nimekuwieni radhi, duniani na akhera. Yule mkubwa hujibu "ahsante baba" na macho yake yako kwenye simu. Wa kati huniuliza kama naumwa. Mama yao yuko jikoni anasema, "Mwacheni baba yenu, ana wazimu wake." Sawa, nna wazimu wangu. Niliupata juu ya vespa, kwa siku nne, nimepakiwa nyuma kama gunia la mbatata, nikizungushwa kisiwa kizima na rafiki yangu aliyefiwa na baba yake.

Vespa yenyewe ilikuwa ya huyo marehemu. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Hakuwa mshonaji, hata kifungo hakujua kukishona. Yeye akivitibu vyerehani vyenyewe, na alivitibu kwa kuvifuata viliko. Kila mwezi anafunga sanduku lake la bati nyuma ya vespa, anatoka Malindi asubuhi mapema, anazunguka mashamba: Mkokotoni, Nungwi, Matemwe, Chwaka, Paje, mpaka Makunduchi. Miaka thalathini na zaidi. Ekzosi ya ile vespa aliichomelea mwenyewe na aliichomelea vibaya, kwa hivyo ilikuwa inakwenda ta-ta-ta-ta, inakohoa mara mbili, halafu inaendelea. Mtu wa Kinyasini akiwa chooni kwake anajua fundi kapita.

Mimi nna kiduka Darajani, nauza sindano, nyuzi, vifungo na bobini. Mzee alikuwa akipita kila asubuhi kununua vitu vyake na kunigombeza. "Sindano hizi umezitoa wapi, kwenye miba ya samaki changu?" Wallahi sijapata kumsikia akisema neno tamu, hata kwa paka. Lakini siku asipopita, duka huliona kubwa na mimi nashinda nna hasira na wateja. Nilimpenda mzee yule.

Mwanawe alikuwa mmoja tu, na ndiye rafiki yangu tangu tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani kwenye mkeka mmoja na kuchapwa kwa bakora moja. Huyu mwana alimfanyia baba yake jambo. Akiwa kazini Dar, alioa. Kuoa si kosa. Kosa ni kuwa alioa kimya kimya, hakumtuma mtu kuja kusema, baba hakusimama wala hakuulizwa. Mzee alikuja kuipata habari bandarini, kwa kuli aliyempigia kelele mbele za watu: "Hongera fundi, kumbe umeozesha!" Mzee akajibu ahsante, akapiga kiki vespa yake, akaenda zake Chwaka kufanya kazi. Tangu siku hiyo hakumsemesha mwanawe. Rafiki yangu alirudi Unguja na mkewe, akapanga Jang'ombe, na kila Idi alikwenda Malindi kumbusu baba yake mkono. Anatoa salamu, mzee anaitikia, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu. Baada ya hapo mzee hugeuza uso akauliza chakula kiko wapi. Miaka minane walikwenda hivyo.

Na katika miaka hiyo mimba mbili za mkewe zilitoka. Ya tatu ilikuwa tumboni mzee alipougua. Sasa rafiki yangu aliamini, na mkewe aliamini, na nusu ya Jang'ombe iliamini, kwamba mtoto hakai kwa sababu baba hana radhi na mwanawe. Madaktari walisema mengine. Lakini huwezi kumwambia mtu maneno ya daktari wakati anajua usiku na mchana kuwa baba yake hamtaki.

Mzee alipolazwa, mimi nilikuwa nikifunga duka alasiri nampelekea uji. Siku ya mwisho, nami sikujua kama ni ya mwisho, nilimkuta mwili hauna nguvu lakini akili anayo yote. Nikaona ni sasa au basi. Nikamwambia, "Ami, muwie radhi mwanao."

Akaniuliza, "Nani?"

"Mwanao, ami."

Akaitazama feni iliyokuwa ikizunguka juu, akaitazama hivi kama aliyeona ina kasoro anataka kuifungua, kisha akasema, "Sina."

Nikangoja. Hakuongeza. Baadaye kidogo akataka maji, nikamnywesha, akasema ahsante. Nikaaga nikaondoka. Alfajiri wakanipigia simu kuwa kafariki.

Tulipotoka makaburini, watu wamekaa barazani wanakunywa kahawa, rafiki yangu alinishika mikono yote miwili. Macho yamemvimba, ndevu zina udongo. "Wewe ulikuwa naye jana," akasema. "Alisema lolote juu yangu?"

Hebu niambieni, nyinyi mngesema nini? Mimi nilisema: "Kakuwia radhi. Kasema, mwambie mwanangu moyo wangu mweupe juu yake."

Uongo ule ulinitoka laini, haukukwama popote. Kumzulia mtu aliye hai ni dhambi, hilo tumesomeshwa. Kumzulia maiti ambaye hajalala hata usiku mmoja kaburini mwake, sijui niliite jambo gani. Rafiki yangu alinitazama kwa muda, kisha akasema alhamdulillahi. Nilidhani yamekwisha.

Hayakwisha, kwa sababu kwetu maiti huombewa radhi. Mtu wa familia husimama akasema, huyu alikuwa mwanadamu, aliyekosewa naye amuwie radhi, na watu hujibu tumemuwia. Lakini waliokuwepo Malindi ni watu wa mjini, na mzee ulimi wake aliumwaga mashamba. Kwa hivyo baada ya wiki tatu mjane wake akatuita mimi na mwanawe. Alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi hatoki nje, na mimi si maharimu wake, kwa hivyo alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia la chumbani.

"Baba yenu kaingia nyumba za watu miaka yote hii na maneno yake yale," alisema. "Chukueni chombo chake, hiyo vespa, mwende kila alikokuwa akienda, mkamwombee radhi kabla ya arubaini." Kisha akaniita mimi.

"Naam, mama."

"Wewe uende naye, usimwache. Na Makunduchi msiache kufika, hata mvua inyeshe."

Nikasema inshaallah. Mgongo wangu ulianza kuuma pale pale, maana naijua ile vespa.

Tulitoka Jumatatu asubuhi. Helmeti ya mzee nikapewa mimi. Ndani ilikuwa inanuka mafuta ya cherehani na jasho lake, na nilipoifunga kidevuni niliona haya, wallahi, kama nimevaa nguo ya mtu bila ya kumwambia. Rafiki yangu alikuwa na helmeti yake, na akavaa koti la kaki la baba yake. Nikakaa nyuma, pale pale lilipokuwa likifungwa sanduku la bati, na mbele yangu ikawa ni shingo yake. Nimemjua mtu huyu tangu chuoni, lakini sikuwahi kukaa nikaitazama shingo yake saa nzima. Ilikuwa ya mzee. Ile mikunjo miwili ile ile; kovu dogo alilokuwa nalo mzee tu ndilo halikuwepo. Siku nne niliitazama shingo ile, na chombo kikikohoa mara mbili chini yangu.

Hatukufikiria jambo moja, na ndilo lililotuponza. Tulisahau kuwa kule shamba watu wanaijua sauti.

Mkokotoni, hata hatujafika sokoni, mwanamke mmoja muuza samaki wa kukaanga, mtu wa Tumbatu, alitoka mbio uani kwake amekumbatia kichwa cha cherehani kama mtoto mchanga. Anacheka, anapiga kelele: "Leo hutoki! Umenikalisha mwezi mzima, fundi, leo hutoki!" Rafiki yangu akazima, akavua helmeti. Yule mama akautazama uso, akanitazama na mimi, akatazama nyuma yangu kama kwamba fundi mwenyewe huenda kajificha huko. Nilitamani ardhi inimeze.

"Fundi kafariki, dada," rafiki yangu akasema. "Mimi mwanawe. Tumekuja kumwombea radhi."

Innalillahi. Akakaa chini pale pale mchangani na kichwa chake cha cherehani mapajani. Majirani wakaja. Akalia, kisha akacheka, akasema mzee aliwahi kumwambia kwamba mikono yake ni ya kukandia ngisi, si ya kushonea. "Nimemuwia. Nimemuwia radhi dunia na akhera." Halafu akamtazama rafiki yangu vizuri. "Wewe ndiye yule mwanawe wa Dar?"

Ebo! Mpaka Mkokotoni walijua. Rafiki yangu hakutikisika. "Ndiye mimi. Alinipa radhi kabla ya kufa. Huyu hapa ndiye shahidi, alikuwa naye kitandani."

Watu wote wakageuka kwangu. Nikasema, "Ndiyo. Alisema mwambie mwanangu moyo wangu mweupe juu yake." Rafiki yangu akainua mikono, akaomba dua: Mola aipokee radhi hiyo, aijaalie kheri kwake na kwa atakayezaliwa. Wakaitikia wote kwa pamoja, amin. Wanaume, wanawake, hata mwenye duka aliyekuwa mbali akipima mchele aliinua mkono mmoja akasema amin.

Njiani kwenda Nungwi nilimpigia kelele sikioni. "Kwa nini unanitia mimi?"

"Si wewe uliyesikia?"

"Nilisikia."

"Basi."

Nungwi ikawa vile vile, na Matemwe kesho yake ikawa mbaya zaidi. Pale Matemwe kulikuwa na mshonaji kanzu, mtu mzima mwenye baraza yake mbele ya nyumba. Tulipokata kona tu, mkewe kasikia. Tulipofika tukakuta kikombe cha kahawa kimeshawekwa mahali pa mzee, na kipande cha mkate wa kumimina kando yake, na kibao chake cha kukalia kimeshafutwa vumbi. Tukasema tulilokuja kusema. Mkewe aliingia ndani hakutoka tena. Tulikaa pale karibu saa nzima, watu wanaingia na kutoka, na kahawa ile hakuna aliyeigusa. Inzi alitua ukingoni akaruka. Mimi nilikuwa nakitazama kile kikombe na kusema moyoni, anza kunywa basi, mzee, usitutese.

Na pale pia: alinipa radhi, huyu ndiye shahidi. Na pale pia: amin.

Niseme kweli yangu. Siku ya pili nshakuwa fundi wa jambo lile. Nilianza kuongeza. Kiwengwa nilisema mzee alinishika mkono. Chwaka nilisema chozi lilimtoka jicho la kulia, na nikamwona mshonaji mmoja wa sare za skuli analia kwa ajili ya chozi hilo, nami nikajikuta nalia pamoja naye. Lo! Nililia kweli, machozi ya moto, kwa chozi ambalo halikuwahi kutoka. Tulipopanda tena nikaona lile koti la kaki mbele yangu limetuna mabegani kwa upepo, na nikawa na hakika, kwa muda wa kama kijiji kimoja hivi, kwamba nikimgusa begani atakayegeuka si rafiki yangu. Nilishika chuma cha nyuma badala ya kumshika yeye.

Siku ya tatu tulikata njia za ndani tukatokea Tunguu, tukashuka Jozani. Pale kwenye matuta ya barabarani, chini ya miti mikubwa, chombo kikazimika. Plagi imejaa masizi. Rafiki yangu akaitoa, akaanza kuisugua kwa msasa. Kima punju walikuwa matawini wametukodolea macho, hawasemi. Magari hayapiti. Ndipo niliposikia mtu anakohoa nyuma yangu, mara mbili.

Niligeuka na mwili mzima. Hakuna mtu. Barabara tupu na majani makavu.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Hakuna."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye plagi yake. Pengine alikuwa ni kima, nao wana sauti zao. Nilitaka kumwambia pale. Neno lilifika mpaka kooni: yakhe, baba yako hakusema vile. Halafu akasema, bila ya kuinua kichwa, "Mke wangu jana kanambia kwa simu mtoto anacheza sana tumboni. Wale wawili hawakufika kucheza." Nikalimeza neno langu. Tukaenda Paje, nikasema uongo wangu kwa ukamilifu, na chozi lake, na mkono wake.

Makunduchi tulifika siku ya nne, asubuhi. Bibi tuliyekuwa tukimwendea ni mshonaji mkongwe, mteja wa kwanza kabisa wa mzee kule kusini. Hakutoka nje. Alikuwa kaketi mlangoni nyuma ya cherehani chake, anashona foronya, na tulipoamkia shikamoo alijibu marahaba huku mguu uko kwenye pedeli.

"Kafa, siyo?" akasema.

Tukaduwaa. Rafiki yangu akamuuliza nani kamwambia.

"Chombo kimenambia. Yeye akifika kwenye kona ile hupunguza mwendo, kuna kuku wangu. Nyinyi mmekuja mbio." Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, mara moja tu. "Nimemuwia radhi. Alisema nashona kama ninayetwanga. Kweli, nilikuwa natwanga."

Majirani wakasogea, kama kila mahali. Rafiki yangu akasema maneno yake: mimi alinipa radhi, huyu ndiye shahidi. Bibi akanigeukia.

"Alisemaje? Nitajie kama alivyotamka."

Nikamtajia. Mwambie mwanangu, moyo wangu mweupe juu yake. Chozi nililiacha, sijui kwa nini, mbele yake halikutoka.

Bibi akacheka, na halikuwa cheko la furaha. "Moyo mweupe? Yule? Mwanangu, yule mtu namjua tangu cherehani hiki kipya. Kinywa chake hakina maneno hayo. Tulikosana mara moja, miezi sita haji. Siku aliyokuwa radhi alikaa hapo ulipo akasema, haya, lete chai. Basi. Hiyo ndiyo radhi yake. Haya maneno ya harusi umeyatoa wapi wewe?"

Nikajifanya naitazama foronya yake. Rafiki yangu, naye ni jeuri, aliinua mikono akaanza dua kama kwamba hakusikia kitu. Majirani wakaitikia amin. Bibi mikono yake aliiacha juu ya cherehani.

"Mie siitikii nisilolijua," akasema. "Sisi hapa tukikosana tunangoja siku ya mwaka wetu wa jadi, tunachapana kwa migomba mpaka mtu achoke, yanakwisha, tunakwenda kula. Nyinyi wa mjini mnanuniana mpaka mtu anakufa, halafu ndiyo mnazunguka na vespa." Akakanyaga pedeli, akaendelea na foronya yake. Alitupa madafu mawili tulipoondoka, lakini hakusema neno tena.

Rafiki yangu aliendesha mpaka tukaviacha vijiji, pale kwenye mawe na vichaka, akazima. Akakaa vile vile, amenipa mgongo.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Alisema, sina. Nilikuwa nje ya mlango, nimeshika chupa ya chai. Nilikuja nimwombe mwenyewe. Nikakusikia wewe unaniombea, nikasema moyoni, ngoja. Nikalisikia."

Nilishuka. Nilivua ile helmeti nikaibamiza chini, ikaruka mpaka vichakani. Sijapata kumkasirikia mtu vile maishani mwangu, na mimi hasira ninazo nyingi. "Siku nne! Siku nne unanisimamisha mbele za watu, namzulia baba yako, na wewe unajua? Nimelia Chwaka! Umeniona nalia!"

"Nilikuona."

"Kwa nini uliniuliza basi, pale barazani?"

"Nilitaka mtu mmoja aniambie vyengine," akasema. Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa wake mwenyewe, umelowa. "Ungenambia kweli, ningelia, yakaisha. Ukanambia lile. Nikasema, basi, tulipeleke. Yeye kasema neno moja, yakhe, mbele yako wewe na Mungu. Mimi nimetafuta watu waseme amin. Wote wale, kisiwa kizima. Labda watasikilizwa wao. Mke wangu ana miezi saba. Ulitaka nifanye nini?"

Nikaenda vichakani kuitafuta helmeti. Ilikuwa na mchubuko ubavuni. Niliipangusa kwa shati langu, nikaivaa, nikapanda. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayapitia yale maneno ya mwisho ya mzee, moja moja. Alisema sina. Alisema maji. Alisema ahsante. Nilitafuta mahali pa kuitia chai ya yule bibi, sikupata.

Mtoto alizaliwa salama, niwaambie mapema msije mkakaa roho juu. Msichana, sasa anasoma. Anamwita bibi yake kwa kelele kutoka chini ya ngazi. Lakini kila akipata homa, mimi ndiye nisiyelala. Baba yake analala. Mimi nashika simu mkononi nangoja kupambazuke. Sijamwambia mke wangu sababu. Na hata sasa ikipita vespa mbovu Darajani, naacha kuhesabu vifungo natazama nje.

Ila kinachonikaa zaidi ni jioni ile ya kurudi. Tuliingia Malindi jua bado lipo, vichochoroni sauti ya chombo inagonga kuta na kurudi, watu wanatokeza madirishani, wanatutazama, wanajificha. Tulipanda ngazi. Mjane yuko nyuma ya pazia lake, na tulijua kutokana na pumzi zake kuwa alikuwa kasimama pale tangu chombo kilipokohoa mtaa wa nyuma.

"Karibuni wanangu. Mkokotoni?"

"Wamemuwia, mama," mwanawe akasema. "Na wameitikia amin kwa ajili yangu."

"Nungwi? Matemwe?"

"Wote."

"Paje?"

"Wote, mama."

Kisha akasema polepole, "Na yule bibi wa Makunduchi?"

Rafiki yangu akafungua mdomo, kikatoka kikohozi tu. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu, akazifungua akazifunga tena. Nikasema mimi.

"Na yeye kaitikia, mama."

Pazia lilitikisika. "Kaitikia kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Alhamdulillahi." Sauti ilimkatika. "Niwie radhi, mwanangu. Mimi sikukuamini. Nilikaa na yule mtu miaka arubaini na mbili, na ulipoleta yale maneno nikasema, huyu kijana anatuonea huruma tu. Ndiyo nikasema lazima mfike Makunduchi. Yule bibi haitikii uongo. Kama yeye kaitikia, basi kweli alisema." Akalia pale nyuma ya pazia, kilio cha chini chini, cha mtu aliyetua mzigo. "Basi mjukuu wangu atakaa."

Rafiki yangu bado kainama kwenye viatu vyake. Ile shingo.

"Yaseme tena, mwanangu," mama akasema. "Yaseme kama alivyoyasema."

Nikasogea mpaka pazia likanigusa uso, nikayasema tena, neno kwa neno, polepole, asipitwe na hata moja.